Bado Linaundwa

Kila mwezi wa Mei, kwenye maonyesho ya magari madogo ya plastiki ya kuunga kwa mkono hapa Shizuoka, Japani, meza mbili za chama cha akina Mochizuki zilipangwa magari thelathini na kitu yaliyosuguliwa mpaka yakang'aa, na gari moja lisilo na milango. Hilo lisilo na milango ndilo watu walilopandia treni kuja kuliona.

Mbele yake palisimama kadi ya mwandiko mzuri: BADO LINAUNDWA. Kadi ilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na pembe zake zilishakunjika. Gari lenyewe lilibadilika. Mwaka huu lina rangi ya kijani, mwaka unaofuata halina rangi kabisa, mwaka mwingine lina viti lakini paa halipo. Kadi ndiyo iliyokuwa na msimamo.

Mwenye gari ni Mochizuki Yasunori, mtu wa miaka sitini na sita, na msidhani alikuwa mtu wa kuchekwa. Huyu ndiye aliyeandika safu ya jarida la chama iitwayo "Mwendo", iliyowafundisha wenzake jinsi ya kuunga gari bila kukata tamaa njiani. Gawa kazi vipande vidogo, aliandika. Ukichoshwa na injini, hamia kwenye viti. Usifungue sanduku la pili kabla ya kufunga la kwanza. Watu walimsoma, wakamfuata, wakamaliza magari yao, wakamletea mikate ya maharage kumshukuru. Yeye akaila ile mikate na kwenda kuvua rangi gari lake kwa mara ya tisa. Wahenga walisema polepole ndio mwendo, sawa, lakini hata kwenye methali mwendo upo.

Shida yake ilitoka kazini. Kwa miaka thelathini na saba Mochizuki alikuwa mkaguzi wa magari, yale makubwa ya barabarani. Mtu akileta gari lake, Mochizuki analizunguka na tochi akitafuta kasoro, na mwenye kutafuta hakosi. Alipostaafu alirudisha tochi na muhuri, ila macho akaondoka nayo. Sasa kila alipopulizia rangi kigari chake akaona punje ya vumbi, aliliona gari zima limeharibika. Analitumbukiza kwenye dawa ya kutoa rangi, anaanza upya.

Nyumbani alikuwa mtu wa kusogezwa ili ufagio upite. Lakini siku mbili za Mei alikuwa mtu hasa. Wageni walimwinamia, wakamuuliza gari limefika wapi, wakapiga picha kadi. Na kila mwaka, saa tano kamili asubuhi, alikuja mzee mmoja kutoka Kakegawa aitwaye Sugiyama, aliyekuwa mkereza vyuma maisha yake yote. Mzee huyo hakutazama gari jingine lolote. Alikuja moja kwa moja, akainama na kioo chake cha kukuzia, akachungua.

"Mkaguzi, mwaka huu vipi?"

"Mwakani, mzee."

"Haya. Na mimi nilishasema sifi mpaka nilione limekwisha, kwa hiyo unanisumbua mimi na wanaoningojea huko."

Watu wakacheka, mzee akanunua soda, akarudi zake kituoni. Hiyo ilikuwa miaka kumi mfululizo.

Basi mwezi wa Januari, kwenye kikao cha chama, mwenyekiti wao akasimama. Huyu ni Oishi, daktari wa meno, mtu mpole mwenye tabia ya kusema mambo ya kuumiza kwa sauti ya kutuliza.

"Mochizuki-san, usinichukie. Mwaka huu wametupunguzia meza. Tulizoea mbili, tumepewa moja."

"Tutabanana, Mwenyekiti."

"Tutabanana, lakini kwa yaliyokamilika tu."

"Na yanayoendelea?"

"Yaendelee nyumbani kwao."

Wenzake wakacheka kidogo, wakatazama chini. Kila mmoja alijua yanayoendelea ni moja. Oishi akaongeza kwamba atakayekosa mwaka huu nafasi yake itapewa mwingine, maana wapo watu sita kwenye orodha wakingoja, na aliyekwisha kukaa hatanyanyuliwa. Mochizuki akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jino lake litang'olewa. Alitoka pale akijua kwamba asipomaliza gari kufikia Mei, amekwisha yeye.

Mkewe, Mitsue, alikuwa akikata figili alipomweleza. Mitsue alifanya kazi ya kufungasha chai kwenye duka la kaka yake kwa miaka thelathini, na hakuwa mtu wa kuacha kisu chini kwa ajili ya habari ya vigari.

"Si wewe unayewaandikia watu namna ya kumaliza?"

"Ile ni ya watu, Mama."

"Kweli mganga hajigangi." Akakata figili nyingine mbili. "Una miezi minne. Unataka kumaliza au unataka kuhurumiwa? Sema tu, nijue napika nini."

Mochizuki akasema anataka kumaliza. Kesho yake asubuhi alikuta mezani kwake, kando ya gundi na vibano, buli dogo la chai na kikombe kimoja.

"Sikiliza, Baba," Mitsue akasema. "Majani haya yanatiwa maji mara tatu. Kikombe cha kwanza kitamu. Cha pili kikali. Cha tatu maji yenye kumbukumbu ya chai. Ukifika cha tatu, weka chini ulichoshika. Hata kama ni tairi limeingia nusu."

"Na nikiwa bado nina hamu ya kuendelea?"

"Nenda nayo. Kesho utaamka nayo, utaikuta hapo hapo."

"Na nikiwa sina hamu tangu kikombe cha kwanza?"

"Utakunywa vitatu ukiwa umekaa. Kukaa nako ni kazi."

Mochizuki, mwandishi wa "Mwendo", alijisikia vibaya kidogo, kwa sababu hakuwahi kuandika jambo zuri kama hilo. Lakini mkaguzi ni mkaguzi, na mtu aliyetumia miaka thelathini na saba kuwanasa wadanganyifu anazijua njia za kudanganya. Wiki ya kwanza alikunywa kikombe cha pili kwa dakika hamsini.

"Chai imepoa," Mitsue akasema kutoka mlangoni.

"Naiheshimu."

"Inywe."

Akainywa. Toka siku hiyo Mitsue akawa anamimina mwenyewe, anasimama hadi kikombe kitupu, anakwenda. Asubuhi ikawa na mwanzo na mwisho. Februari ikapita, injini ikakaa mahali pake, ekseli zikanyooka, matairi manne yakagusa chini yote, jambo ambalo kwa magari haya si la kudharau. Kuna asubuhi nzima Mochizuki alisugua kwa msasa rimu moja tu, akainuka akiona haya. Mitsue akamwambia rimu moja ni rimu moja.

Katikati ya Machi moyo ukamfa. Hakuna aliyejua kwa nini, hata yeye. Aliamka akaona dashibodi, akaona saa zake mbili za kubandika, ndogo kama jicho la dagaa, akahisi hawezi. Akakaa sebuleni akitazama taarifa ya hali ya hewa ya mikoa asiyoijua. Mitsue hakumwita. Alipeleka buli kwenye chumba cha kazi, akamimina mbele ya kiti kitupu kikombe cha kwanza, akamwaga, akamimina cha pili, akamwaga, akamimina cha tatu. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyo, na kila alipomwaga alihakikisha sinki inasikika. Ilikuwa chai nzuri, ya mashamba ya juu. Siku ya nne Mochizuki hakuvumilia, akaenda akakaa. Mtu wa Shizuoka, mkoa wa mashamba ya chai, anaweza kuacha gari lake lioze, lakini si kuacha chai ya namna ile imwagwe.

Saa zile mbili zikabandikwa. Viti vikaingia, milango ikakaa mahali pake. Aprili akapulizia rangi ya kijani kwa mara ya kumi, akaiacha ikauke siku saba kamili bila kuigusa, kisha vanishi, kisha akaanza kusugua kwa kitambaa, asubuhi vikombe vitatu, asubuhi vikombe vitatu. Gari likaanza kurudisha taa ya chumbani. Halafu, zimebaki siku kumi na nne, akaona punje ya vumbi.

Ilikuwa kwenye boneti, upande wa kushoto, chini ya vanishi. Robo ya mbegu ya ufuta. Mkono wa Mochizuki ukaenda wenyewe kwenye chupa ya dawa ya kutoa rangi.

Mitsue aliingia na kikombe cha tatu. "Nini tena?"

"Vumbi."

"Wapi?"

"Hapa."

"Sioni."

"Inamisha kichwa."

"Nimeinamisha."

"Vaa miwani."

"Baba, miwani nimeivaa. Ulistaafu lini?"

"Miaka sita iliyopita."

"Basi huna muhuri. Liache lipite."

Mochizuki alikaa na chupa mkononi mpaka chai ikapoa kweli. Na hapa tuseme ukweli, maana watu walimwita mvivu na wengine wakamwita msanii, na vyote viwili si kweli. Mochizuki alikuwa anaogopa. Gari ambalo halijaisha hakuna wa kulikagua. Anayetaka kulisema vibaya unamwambia ngoja, bado. Kwa miaka thelathini na saba aliona nyuso za watu waliokataliwa magari yao, wanaume wazima midomo ikiwatetemeka, na yeye aliapa moyoni kwamba hatasimama upande ule wa tochi. Sasa amefika upande ule. Akaifunga chupa, akaiweka juu ya kabati, mahali ambapo mtu wa kimo chake anahitaji kigoda.

Akabandika vioo vya pembeni, vile vya magari ya zamani vinavyokaa mbele kabisa, juu ya matairi. Kulia kimoja, kushoto kimoja. Gari likawa limekwisha. Hakulia, lakini alizunguka meza mara kadhaa, na Mitsue akampikia wali wa maharage mekundu, chakula cha sherehe, kama mtu aliyejifungua.

Jumamosi ya maonyesho Mochizuki alivaa koti la buluu lililopigwa pasi mara mbili. Akaliweka gari kwenye kitambaa cheusi, mahali pake pale pale pa siku zote, na mbele yake kadi mpya: LIMEKAMILIKA. Oishi akaja, akatazama, akampiga bega.

"Unaona? Safi. Sasa meza ina heshima."

Milango ikafunguliwa. Watu wakaingia kwa mamia. Wakaifikia meza, wakatazama kushoto, wakatazama kulia, wakapita. Mochizuki alisimama na tabasamu lake mpaka mashavu yakamuuma. Kabla ya saa nne na nusu mama mmoja mwenye kamera akamjia.

"Samahani, lile lisilo na milango mmeliweka wapi?"

"Ni hili."

"Ah." Yule mama akatazama gari, akamtazama yeye, akarudisha kamera mkobani. "Hongera," akasema, kwa sauti ya watu wanaotoa pole msibani.

Wakaja wengine wa namna hiyo. Mmoja alimuuliza kama ana mpango wa jingine. Mmoja alimwambia kwamba mwaka jana lilikuwa na kitu, hajui nini. Na jicho la mkaguzi lilishaona kabla ya watu kuona: kwenye meza ile yenye magari thelathini na moja yaliyokamilika, lake lilikuwa la kumi na tisa kwa uzuri, labda la ishirini. Alipigania nafasi yake miezi minne akaipata, na nafasi yenyewe, alipoitazama vizuri, ilikuwa sentimita ishirini za kitambaa. Alijisikia mjinga, na alimkumbuka Mitsue aliyemwaga chai nzuri siku tatu kwa ajili ya hili.

Saa tano mzee Sugiyama hakuja. Saa sita hakuja. Alifika saa nane, polepole, akishika kila meza aliyoipita. Shingo yake ilikuwa imekonda ndani ya kola. Akainama, akatoa kioo cha kukuzia, akachungua mlango mmoja baada ya mwingine.

"Limekwisha," akasema mwishoni.

"Limekwisha, mzee."

"Nani kakutuma?"

Mochizuki akajaribu kucheka. "Si wewe uliyekuwa unaniuliza kila mwaka?"

"Kuuliza ni kuuliza tu. Jirani yangu namuuliza hajambo kila asubuhi, sijawahi kutaka anijibu." Mzee akatafuta kiti kwa mkono, akakaa, kioo mapajani. "Mwezi wa kwanza daktari aliniambia mvua za Juni nitaziona, majani mekundu ya Novemba yeye hayaahidi. Nikamwambia, daktari, wewe mkaguzi wangu humjui. Mpaka mimi nife yule hajaweka milango. Nimeishi vizuri tu na hilo neno, nakula, nalala. Leo nikawaambia nyumbani nakwenda Shizuoka, wakakataa, nikatoka." Akakohoa, akafuta mdomo. "Basi ni zuri. Rangi imekaa."

Mochizuki alitazama kadi yake mpya. Hakuwa ameua mtu, alijua hivyo, magonjwa hayafuati vigari. Lakini alijua pia kwamba mtu huyu alikuja kwa treni miaka kumi si kuona gari, bali kuambiwa mwakani, na leo amefika mgonjwa akakuta neno hilo limeondolewa mezani. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya gari.

"Vioo hivi," akasema.

"Vina nini?"

"Vimenenepa. Mashina yake hayana kipimo. Mimi nikiwa kazini nisingelipitisha gari lenye vioo hivi."

Akakibana cha kulia kwa vidole viwili, akakivunja. Hakikutoa kelele ya maana.

Mzee alitazama kipande kile kwenye kiganja cha Mochizuki. Akainua kioo cha kukuzia, akakichungua kipande chenyewe, kisha gari, kisha uso wa Mochizuki, na kwa zamu hiyo hiyo tena.

"Kweli ni kibaya," akasema. "Mbona nilikuwa sijakiona." Akanyoosha mkono uliotetemeka, akalenga, akakosa, akalenga tena, akakivunja cha kushoto. "Na hiki nacho."

Oishi alifika akipangusa miwani. "Mochizuki-san, gari lina nini?"

"Halijaisha, Mwenyekiti."

"Saa tatu asubuhi lilikuwa limeisha. Mimi mwenyewe nimeliona."

"Tulikosea wote."

Oishi akashusha sauti, ile ya kabla ya sindano. "Tafadhali usinifanye nitamke kanuni mbele ya wageni. Likitoka mezani, mtu wa kwenye orodha anaingia leo hii. Na mwakani nafasi ni yake, na mwaka unaofuata pia. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Mpe."

Mochizuki akainama kama inavyopasa, akalifunga gari kwenye leso, akaichukua kadi yake mpya na kuitia mfukoni ili isimsumbue mwenzake. Hakutazama nyuma kuona nani amepewa zile sentimita ishirini. Alimpa mzee mkono, wakatoka.

Karibu na kituo kuna kibanda cha oden, mayai na figili zilizochemshwa kwenye mchuzi mweusi na kuchomekwa vijiti. Wakaketi. Mzee alichukua yai na kipande cha figili, akala nusu, akafungua karatasi ya kufutia mikono na kuvipanga vile vioo viwili juu yake.

"Plastiki," akasema kwa dharau. "Mtu mzima anatengeneza kioo kwa plastiki. Hii inatakiwa shaba, ikerezwe, isuguliwe. Mashine yangu bado iko bandani. Watoto wanataka kuiuza chuma chakavu, nimewaambia wajaribu waone."

"Mikono itaweza, mzee?"

"Asubuhi haiwezi. Mchana inatulia kidogo, kama nusu saa hivi."

"Nusu saa inatosha. Ikianza kutetemeka, acha hapo hapo, usifululize."

"Mkaguzi, usinifundishe kazi. Mimi nilikuwa nakereza vyuma wewe hujajua kufunga viatu." Akakunja karatasi, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo. Kisha akamalizia figili yake na kuagiza nyingine. "Nitaanza na cha kulia."

"Na cha kushoto?"

Mzee akamtazama kana kwamba ameulizwa jambo la kitoto.

"Cha kushoto mwakani."